Mbuzi Asiyerudi Jioni

Kwa miaka sita nilibeba sinia la Meza ya Bwana na sikula kutoka humo hata mara moja. Hakuna aliyejua, kwa kuwa kazi yenyewe ilinificha. Mzee wa kanisa anayegawa mkate hupitisha sinia upande wa wanawake, kisha upande wa wanaume, na mwisho hulirudisha mbele. Waliokaa nyuma walidhani nimekula mbele, na mchungaji aliyesimama mbele alidhani nimekula nyuma. Niliona nafasi hiyo tangu Jumapili ya kwanza, nikajificha ndani yake.

Nitaeleza kwa mpangilio, kwa sababu ndivyo nilivyozoea kufanya kila jambo.

Katikati ya miaka ya themanini nilikuwa nyapara katika shamba la mahindi ya mbegu karibu na Kachibora. Mahindi ya mbegu hayalimwi kama mahindi ya ugali. Hupandwa mistari sita ya kike, kisha miwili ya kiume, sita tena, miwili tena, hadi mwisho wa shamba. Kwenye ncha ya kila mstari wa kiume tulipanda alizeti ili mtu asikosee. Mwezi wa saba mahindi hutoa mbelewele, yaani lile ua la juu lenye unga wa manjano. Mbelewele za mistari ya kike lazima zing'olewe kwa mkono, moja baada ya nyingine, kabla unga haujaanza kumwagika. Zikibaki, mahindi ya kike yanajichavusha yenyewe, na mbegu yote ya kipande hicho inaharibika. Ukiitazama huwezi kuitambua. Mkulima ataipanda mwaka unaofuata, naye atashangaa kuona shamba lake limedhoofika.

Kwa hiyo kazi hiyo haikujua Jumapili wala mvua. Kwa wiki tatu hivi, kila mstari ulipitwa kila siku. Waliong'oa walikuwa wanawake, wakiwa wamevaa makoti ya zamani ya waume zao ili majani yasiwakate mikono, na kila kundi lilikuwa na kiongozi. Mimi nilipita nyuma yao kukagua, kisha nikatia tiki kwenye kadi iliyoning'inia kwenye mti wa kila kipande. Tiki yangu ilimaanisha jambo moja tu: nyapara amepita hapa kwa miguu yake na ameona kwa macho yake.

Jumamosi moja mvua ilianza saa sita na haikukoma. Kipande cha chini, karibu na mto, kiligeuka matope. Jioni kiongozi wa kundi la huko, mwanamke wa umri wangu hivi, alinifuata akiwa ameloa hadi mifupani.

"Nyapara, hiyo mistari ya chini bado. Kama kumi na mbili hivi."

"Nendeni nyumbani, mama. Mvua itawaua. Kesho asubuhi nitapita mwenyewe."

"Kesho si uko Bungoma? Si umetuimbia Bungoma wiki nzima?"

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Ni kweli nilikuwa nimewaimbia. Kesho yake, katika mkutano wa kanisa letu mjini Bungoma, ningewekewa mikono kuwa mzee wa kanisa. "Nitapita alfajiri kabla ya safari," nikamwambia. Kadi zilikusanywa Jumapili asubuhi, kwa hiyo nikatia tiki papo hapo, kwenye mvua, nikiikinga kadi kwa kofia yangu, na kwa tiki hiyo kundi lile likapelekwa kipande kingine Jumapili.

Alfajiri niliamka, nikavaa suti, nikavaa viatu nilivyokuwa nimevipaka rangi usiku. Nilifika hadi mwanzo wa kipande cha chini. Nikatazama matope, kisha nikatazama viatu. Nikageuka. Sina sababu nyingine ya kueleza. Nimeitafuta kwa miaka mingi, na sababu ni viatu.

Bungoma nilipiga magoti, wachungaji watatu wakaniwekea mikono kichwani. Jumatatu nilirudi shambani nikamkuta mkaguzi wa mbegu amesimama katikati ya mistari ile, mabega ya koti lake yakiwa ya manjano kwa unga. Kando yake alikuwa msimamizi wa shamba, ameshika kadi. Yule kiongozi wa kundi alikuwa amekwisha kuitwa.

"Nani alisema hapa kumeisha?" msimamizi akauliza.

Nikasema, "Kiongozi wa kundi aliniambia wamemaliza."

Maneno matano.

"Nyapara," yule mama akasema, "niangalie."

Nikaiangalia kadi. Akasema mara mbili kwamba alinipa habari, lakini kadi ilikuwa na tiki na mimi nilikuwa mzee wa kanisa wa siku moja. Akafukuzwa siku hiyo hiyo. Kipande kile kikakataliwa kuwa mbegu, mahindi yake yakaenda kusagwa. Sokoni Kachibora wakampa jina la Mama Mbelewele, na msimu uliofuata kila shamba alikoomba kazi walimcheka kwa jina hilo. Mwisho akafunga vitu vyake akarudi kwa wazazi wake, Naitiri.

Hiyo ndiyo sababu sikuweza kula. Niligawa mkate kwa mikono yangu, lakini nilipofikiria kuuweka mdomoni niliona koti lenye unga wa manjano.

Sikukaa bure. Nilijiwekea utaratibu. Kila mwezi wa saba, kwa wiki zote tatu za mbelewele, sikula chakula cha mchana. Makundi yakishaondoka jioni, nilirudi kipande cha chini peke yangu nikapita mistari yote mara ya pili. Nilikuwa na hesabu kichwani kwamba siku moja adhabu niliyojipa ingetosha. Hakuna kipande changu kilichokataliwa tena. Msimamizi alinisifu mbele ya watu kwa bidii, na kila sifa ilizidi kunibana, kwa kuwa hata toba yangu ilikuwa imeanza kunipandisha cheo.

Wakati huo huo nilikuwa nasoma. Shule niliiacha darasa la saba, na yaliyobaki nilijifundisha kwa masomo ya posta, nikiandika majibu katika madaftari ambayo bado ninayo. Nilisoma zaidi habari za upatanisho, jinsi Mungu anavyoondoa dhambi ya mtu. Kanisa likaona nina maarifa, likanipa darasa la wanaojiandaa kubatizwa, kila Jumamosi alasiri. Nilifundisha vizuri. Mtu anaweza kufundisha vizuri sana jambo ambalo hajaligusa.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini aliingia darasani mzee mmoja kutoka miteremko ya Elgon, mfugaji, aliyehamia kwa binti yake aliyeolewa upande wetu. Hakujua kusoma, lakini hakukubali kupitwa na neno. Siku hiyo nilikuwa nafundisha kuhusu siku kuu ya upatanisho ya Waisraeli wa kale. Nikaeleza kwamba kuhani alichukua mbuzi wawili. Wa kwanza alichinjwa na damu yake ikaingizwa patakatifu. Wa pili kuhani alimwekea mikono kichwani, akaungama juu yake makosa ya taifa zima, kisha mbuzi huyo akapelekwa jangwani akiwa hai.

Mzee akainua mkono. "Mwalimu, huyo wa pili alipelekwa ama alifukuzwa tu?"

"Alipelekwa, mzee. Kulikuwa na mtu wa kumpeleka."

"Hapo sawa. Kwa sababu mbuzi mimi namjua, bana. Ukimfukuza asubuhi, saa kumi na mbili jioni yuko mlangoni anakuuliza chumvi."

Darasa zima likacheka. Mama mmoja akasema, "Huyo ni mbuzi wako, mzee, umemdekeza." Mzee hakucheka.

"Na alikuwa amekosa nini?"

"Hakuwa amekosa chochote. Alibeba ya wengine."

"Alikubali?"

"Mbuzi hawezi kukubali wala kukataa, mzee. Ndiyo maana mbuzi alikuwa mfano tu. Kristo alikuja kwa hiari yake. Alijua anachobeba, na alikubali kukibeba. Hakuna aliyembebesha kwa hila."

Mzee akafikiri, kidevu juu ya fimbo. "Kwa hivyo mtu akimbebesha mwenzake makosa bila kumuuliza, halafu amfukuze, hiyo si kafara. Huyo amejifanya kuhani tu."

"Ndiyo," nikasema. "Hiyo si kafara."

Nilimaliza kipindi mapema. Nilikaa katika chumba kile cha mabati hadi jua lilipoteremka, daftari likiwa wazi mbele yangu, na kwa mara ya kwanza niliandika jambo ambalo halikuwa katika masomo ya posta. Niliandika kwamba siku ile shambani nilikuwa nimeweka mikono juu ya kichwa cha mwanamke. Nilikuwa nimetoka kuwekewa mikono Bungoma, na kabla ya saa ishirini na nne kwisha nikaweka yangu juu yake, nikaungama dhambi yangu kwa jina lake, nikampeleka jangwani. Chini yake nikaandika: Naitiri. Na kila mwezi wa saba mbuzi wangu alikuwa akirudi mlangoni, kwa kuwa aliyefukuzwa bila haki huwa hajaenda popote.

Asubuhi nilimwendea mchungaji kabla ya ibada, nikamweleza yote, na habari ya sinia pia.

"Hizo njaa zako za mchana," akauliza nilipomaliza, "ulikuwa unamlisha nani?"

"Nilikuwa nataka Mungu anisamehe."

"Na ukienda kwa huyo mama, utakuwa unaenda ili Mungu akusamehe?"

"Nadhani ndiyo."

"Basi usiende bado. Keti kwanza uamini kwamba Kristo amekwisha kubeba jambo hilo, viatu na tiki na yote. Ukishaamini, uende kwa sababu yule mama amekosewa. Usimtumie mara ya pili, ndugu."

Siku hiyo sikubeba sinia. Niliketi, kama alivyosema, nikajaribu kuamini. Ilikuwa kazi ngumu kuliko kupita mistari. Mistari ina mwisho unaouona. Lakini kufikia Jumatano nilielewa, na nilielewa kwa utulivu, kama mtu anayepiga hesabu ile ile mara nyingi na mara hii inakubali. Kama adhabu yangu ingeweza kuondoa dhambi, Msalaba ulikuwa wa nini? Na kama Msalaba uliiondoa, mimi nilikuwa nazunguka shambani kila jioni nikitafuta kitu ambacho hakipo tena. Kilichobaki kule chini hakikuwa dhambi ya kufidiwa. Alikuwa mtu wa kurudishiwa jina lake.

Nilifika Naitiri siku ya tatu baada ya hapo, nikiwa na kilo mbili za sukari na mikate miwili kama mgeni yeyote. Nilimkuta akianika maharagwe mbele ya nyumba ya baba yake. Alinitambua kabla sijafika kwenye ua.

"Nyapara," akasema. "Umepotea ama umetumwa?"

"Nimekuja mwenyewe, mama."

Akanipa kiti. Nikamwambia nikiwa nimesimama. Sikupamba chochote: mvua, tiki, viatu, maneno matano. Baba yake, aliyekuwa ameketi kibarazani, alisikia yote. Nilipomaliza nikaweka mfuko wa sukari mbele ya yule mama.

"Hii sukari ni ya nini?" akauliza.

Kabla sijajibu akaendelea.

"Kama ni ya ile mambo ya mbelewele, irudishe Kachibora. Kama ni ya mgeni, mtoto apeleke jikoni, tupike chai."

"Ni ya mgeni."

"Basi karibu." Akaendelea kugeuza maharagwe kwa kiganja. "Kusamehe nilikusamehe zamani. Si kwa ajili yako, ati. Nilichoka kulala na wewe kichwani, nikakutoa. Lakini nikuulize: jina langu liko wapi?"

"Liko Kachibora."

"Si hapa?"

"Hapana, mama. Hapa hujulikani hivyo."

"Sasa mbona umekuja kuniambia mimi? Mimi si nilikuwa pale? Si nilikuambia bado?" Sauti yake ilipanda kwa mara ya kwanza. "Nenda uwaambie wale wasiojua. Na mimi nitakuwepo. Nataka nisikie na masikio yangu."

Baba yake akasema kutoka kibarazani, "Na unywe chai kwanza. Usife njiani kabla hujasema."

Ulikuwa mwezi wa saba. Siku ya tatu asubuhi, saa moja, makundi yote yalikuwa yamesimama mbele ya ghala kwa kuitwa majina, makoti yamefungwa kwa kamba. Yule mama alisimama nyuma ya watu, amefunga kitambaa cheupe, na dada yake anayekaa sokoni pembeni yake. Nilimwomba msimamizi nafasi. Alidhani nina tangazo la kanisa.

Nikasema: "Miaka sita iliyopita kipande cha chini kilikataliwa. Kiongozi wa kundi aliniambia mistari bado. Mimi ndiye niliyetia tiki bila kupita. Mimi ndiye niliyemsingizia. Yeye hakukosa chochote, na jina mnalomwita ni langu."

Ndege walisikika kwenye mahindi. Msimamizi akaniuliza polepole, "Unajua unachosema?"

"Najua, bwana."

Kisha mwanamke mmoja wa makundi ya zamani akapiga kelele, "Tulisema! Si tulisema?"

"Ulisema wapi?" mwenzake akamjibu. "Wewe ndiye ulianza kumwita Mama Mbelewele!"

"Mimi? Ati mimi?"

"Wewe, na hilo domo lako!"

Kicheko kikaanza mbele kikaenda hadi nyuma, na mtu akageuka akamwona aliyesimama pale na kitambaa cheupe. Kigelegele cha kwanza kikapanda, kisha kingine, kisha wote. Walimvuta katikati. Mwenye domo alimkumbatia akilia na kujitetea kwa pamoja. Yule mama hakulia. Alisimama wima katikati yao, akiitazama njia ya kuelekea mtoni.

Msimamizi alinivua unyapara hapo hapo, na alikuwa na haki. Alimwendea mama, akavua kofia, akamwambia shamba lilimkosea, na kama angependa, kundi la kipande cha chini lilikuwa halina kiongozi. Akajibu kwamba hakuja kuomba kazi. Kisha akauliza, "Nani alipita huko jana?" Akashuka kuangalia, wanawake ishirini nyuma yake, na hata dakika tano hazikwisha kabla hajainua mkono juu ya mahindi, ameshika mbelewele moja. "Hata leo mmeacha!" akapaza sauti, na vigelegele vikaanza upya.

Alikaa kwa dada yake msimu wote akaongoza kundi lile. Na mimi niliomba kibarua cha kung'oa, nikawekwa kwake, mwanamume peke yangu. Wanawake walinitania kutwa. "Baba Mbelewele, vaa koti, utachubuka!" Yeye alipita nyuma yetu kwa miguu yake, mstari kwa mstari. Mara moja alisimama nyuma yangu.

"Ndugu, hapo nyuma umeacha moja."

Nilirudi. Ilikuwa kweli. Niling'oa, naye akatia tiki. Mchana huo nilikula ugali na maharagwe pamoja nao, nikashiba.

Jumapili iliyofuata niliungama mbele ya kanisa. Nikaondolewa uzee, na mtu mwingine akapewa sinia. Niliketi benchi la tatu upande wa wanaume, kando ya mzee wa mbuzi, aliyekuwa amebatizwa Jumapili iliyotangulia. Upande wa pili niliona kitambaa cheupe. Sinia lilipopita kwao yule mama alichukua kipande chake akala, akakunja mikono.

Mzee akaninong'oneza, "Mwalimu, nina swali."

"Sasa hivi, mzee?"

"Huyu Yesu tunasema alibeba dhambi akaenda nayo mbali. Lakini yeye si alirudi siku ya tatu? Sasa hapo si ni kama mbuzi wangu?"

Nilikuwa na madaftari kumi na moja nyumbani, na hakuna hata moja lililokuwa na swali hilo. Lakini jibu lilikuwepo, limenyooka kama mstari uliopimwa kwa kamba.

"Alirudi yeye, mzee. Alichobeba hakikurudi naye."

Mzee alinitazama, kisha akaanza kutikisa kichwa na kutabasamu, akapiga fimbo sakafuni mara moja kwa nguvu hadi mchungaji akageuka. "Hapo sawa," akasema, bila kunong'ona tena. "Hapo sawa kabisa!"

Sinia likafika kwetu. Lilikuwa lile lile la bati lenye ukingo wa bluu, nami nilijua kila mahali lilipochubuka. Sikuwa nimewahi kuliona kutoka chini, likiwa limeshikwa na mkono wa mwingine. Nikachukua kipande cha mkate, nikakitia mdomoni, nikala.